Kigari cha Njano Kwenye Tablo

Kaskazini mwa Sweden kuna mji mdogo uitwao Arjeplog. Kila majira ya baridi makampuni ya magari ya Ulaya hupeleka huko magari yao yakaserereke juu ya maziwa yaliyoganda. Wahandisi wenye makoti mazito wanakanyaga mafuta, wanaandika, wanakunywa kahawa. Kazi nzuri. Ila sijasikia hata mmoja aliyekuja kujaribu chochote hapa Oicha mwezi wa kumi na moja, mvua imetoka kunyesha, lori la mbao limekwama mbele yako na la kakao linakupigia honi nyuma.

Ndiyo maana mimi na gari langu hatuelewani. Ni mtumba wa Japani, usukani kulia katika nchi inayopita kulia, na kila asubuhi nikiliwasha, mama mmoja aliyemo ndani ya redio ananiarifu kwa Kijapani, kwa adabu zote, kwamba sijaweka kadi ya ETC. Hiyo ni kadi ya kulipia barabara kuu za kwao. Mama, huku tunalipa kwa noti, kwenye baria, na chenji hairudi.

Huyo nimemzoea. Kilichonikosesha usingizi ni kigari cha njano kilichowaka kwenye tablo, kigari kidogo kinachoacha mistari miwili ya nyoka nyuma yake. Kilipowaka tu, kila mtu akawa fundi. Motari akasema ni petroli ya makadafi, wale wauzaji wa kando ya barabara, ina maji. Jirani yangu, mzee wa heshima, akavaa miwani, akakitazama weee, akatoa jibu: “Papa, hii inasema barabara inateleza.” Mzee wangu, nimezeekea Oicha, la kuteleza sihitaji kuambiwa na taa.

Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua. Alitoa tepu nyeusi ya umeme, akakata kipande kwa meno, akakibandika juu ya taa, akaniambia gari limepona, na akataja bei. Kwa ufundi huo, mtoto mwenye homa tungekuwa tunamvunjia kipimajoto.

Taa yenyewe haina makosa. Kila gurudumu lina sensa inayokaa jirani na pete yenye meno, na kompyuta inayahesabu meno hayo yanavyopita. Ni sensa zilezile za breki za ABS, ambazo Mercedes-Benz na Bosch walizitoa mwaka 1978. Gurudumu moja likizunguka mbio kuliko wenzake, kompyuta inaamua kwamba linateleza: inapunguza nguvu ya injini na kulikamata gurudumu hilo kwa breki. Juu ya barafu ni akili kubwa. Ndani ya tope la njia ya Mbau, unakanyaga mafuta na injini inakataa. Gari linakuonea huruma pale ambapo ungetaka likutukane, lakini litoke.

Dawa ya hapo nilipewa na wale vijana wa majembe wanaokaa kando ya mashimo wakingoja riziki. Mmoja aliinama dirishani: “Papa, finya kwanza ile butoni ya kigari. Finya, usiache, mpaka iandike OFF.” Nikafinya. Magurudumu yakapata ruhusa ya kuzunguka, yakarusha tope mpaka kwenye paa la kibanda cha mama mwuza mikate, tukasogea mita kadhaa. Ushauri ulikuwa wa bure. Kusukuma mita zilizobaki kulikuwa na bei, na waliitaja wote kwa pamoja.

Nacheka kwa sababu nilikuwa karibu na nyumbani. Juu huko, ukiipita Eringeti kuelekea Komanda, ambako magari yamepata kwenda kwa msafara na askari, mtu hakwami huku akihesabu utani. Msafara ukiondoka, unabaki na nani?

Basi nikalishusha gari Beni, kilometa kama 30, kwa kijana mwenye skana. Kwanza alibandua tepu, bila kusema neno, na ukimya wake ulinitosha. Akachomeka mashine chini ya usukani, ikamwambia gurudumu la nyuma kulia. Akafungua boliti moja, akachomoa sensa, kitu kidogo cha ukubwa wa kidole gumba. Ilikuwa imevaa ndevu za unga wa chuma, maana ncha yake ni sumaku, na juu yake tope lililokauka kama tofali. Akaipangusa, akapima waya zake, akairudisha. Kisha akachuchumaa.

“Papa, hizi pine nani alinunua?”

Tatu zilikuwa 215/70R16. Ya nne, 215/60R16. Kwa macho huoni kitu. Lakini pine fupi, kwa kila kilometa, inazunguka karibu mara 30 zaidi ya wenzake, na kompyuta, ambayo haijui habari za ukoo wetu, inadhani gurudumu linateleza tangu nyumbani hadi kanisani.

Ukoo, ndiyo. Shemeji yangu aliliazima gari kwenda harusini Butembo na akalirudisha limeoshwa. Hapo tu ningeshtuka: shemeji hajawahi kuosha hata sahani.

Kuipata 215/70 ya pili yake ni safari nyingine. Wauzaji wa Oicha wana jibu moja: “Inaingia.” Kuingia inaingia, nani anabisha? Rimu 16, pine 16, wewe mzee unatafuta nini tena? Nikitaja ile 70, wananitazama kana kwamba nimeuliza umri wa mama zao.

Shemeji, baada ya kikao cha familia, amekubali kulipa pine mpya, kakao yake ikikauka. Nilikwenda shambani kwake kuiona. Bado iko mtini.