Kumeza Dawa Ukiwa Mzima

Mbu wa Gatongora ni wa kelele tu. Anazaliwa kwenye mitaro ya maji machafu, anakuimbia usiku kucha, lakini malaria kwa kawaida hana. Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi yetu haimpi kimelea cha malaria nafasi nzuri ya kukomaa ndani ya mbu. Ndiyo maana tumekua tukiamini kwamba malaria ni ya watu wa Kisumu na Kilifi, na dawa ya kuizuia ni ya wazungu waendao Mara na kofia zenye kamba. Binamu yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi Juba aliponiita nikamnyooshee hesabu, nikaambiwa kwamba mtu wa Gatongora, akifika ukingoni mwa Nile, hana kinga ya kumzidi huyo mzungu.

Kwa safari hiyo, chanjo ya homa ya manjano haikunisumbua. Unachanjwa mara moja, na tangu 2016 kadi yake ni ya maisha. Nikaomba na ya malaria nichomwe papo hapo, mkono wa pili. Muuguzi akacheka. Chanjo ipo, na Kenya ilianza kuitoa 2019, Homa Bay ikiwemo, ila dozi ya kwanza ni ya mtoto wa miezi sita. "Wewe, mzee, umechelewa kidogo."

Nikaenda duka la dawa.

"Nataka dawa ya malaria."

"Umepimwa?" akauliza kijana wa kaunta.

"La, siumwi."

"Kichwa? Viungo? Kutapika?"

"Sina lolote."

"Sasa dawa ni ya nini?"

Hapo foleni nzima ikasogea karibu kusikiliza. Kijana alikuwa tayari ameniwekea AL: tembe 24, nne asubuhi, nne jioni, siku tatu. Hiyo ni ya kumtibu aliyekwisha kuugua, si ya kumlinda msafiri. Mzee mmoja nyuma yangu akashauri nipewe klorokwini, dawa ya ujana wake, iliyomwasha mwili mpaka akajikuna kwa gunzi la mahindi. Akaelezwa kwamba serikali iliiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria 1998, kwa kuwa vimelea vilikwisha kuizoea. "Hata mimi nilikuwa nimeizoea," akasema kwa huzuni.

Jirani yangu wa Siaya akaingilia. "Jirani, usipoteze pesa. Mimi nimekua na malaria, siwezi kumeza kitu." Sikutaka kubishana naye mbele za watu. Kinga ya utotoni hupungua mtu akikaa miaka mingi kwenye baridi, na kila Januari yeye hurudi kutoka nyumbani akiwa amejifunga blanketi, akisingizia uchovu wa basi.

Mfamasia akatoka chumba cha nyuma, akanieleza kwamba yako mambo matatu, nichague shida yangu. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, lakini huanzwa wiki mbili au tatu kabla ya safari, na huweza kuleta ndoto za ajabu. Kwenye ploti yetu kuta ni nyembamba, na siri zangu ni nyingi, nikakataa. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla, humezwa kila siku pamoja na chakula, na ukirudi unamaliza siku saba tu. Akataja bei. Nikamwuliza kama hiyo ni ya ukoo mzima.

Ikabaki doksisaiklini: ya kila siku, nafuu, maji glasi nzima, usilale mara tu baada ya kuimeza, ujihadhari na jua kwa sababu ngozi huungua upesi. Jua, na mimi naenda Juba!

"Mpatie doksi!" mfamasia akampigia kelele kijana.

Foleni ikanyamaza. Mitaani doksi inajulikana kwa kazi nyingine, ya wanaume walioteleza usiku, na macho yote yakatua kwenye pete yangu ya ndoa. Nikasema kwa sauti kwamba ni ya safari. "Ndiyo," akajibu yule mzee, "safari ni safari."

Juba nilivaa mikono mirefu, nikatembea na mwavuli, nikalala ndani ya chandarua, nikarudi mzima. Lakini doksi lazima uendelee nayo wiki nne baada ya kurudi, ili vimelea vikitoka kwenye ini vikute dawa inavingoja. Basi kila jioni kengele ya simu ikawa inalia, nami nameza, na ploti nzima inahesabu.

Jumapili moja wakaja akina mama wa kanisa, na unga, sukari, mafuta ya kupikia na bahasha.

"Baba, hatuulizi ni ugonjwa gani," akasema mwenyekiti.

"Mama, mimi siumwi."

"Wote huanza hivyo."

Wakaniombea kwa bidii, wakanywa chai, wakaondoka. Mke wangu akaifungua bahasha. Mchango ulikuwa unatosha kununua zile tembe za bei ya ukoo, ambazo ningemaliza siku saba baada ya kurudi, kabla hawajapata hata sababu ya kuchanga.