Mhandisi Mkuu ni Geti

Tangu mwaka 2017 barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Hivyo ndivyo karatasi zinavyosema. Ukiingia vichochoro vya Sinza au Mbagala, Dar es Salaam, utakuta mhandisi mkuu ni geti la jirani. Geti likishakuwa na upana wa mita 4, kwa gari lisilofika hata mita 2, basi tuta lisogezwe, mwarobaini ukatwe, na mtaro ujazwe kifusi ili tairi za mheshimiwa zipite bila kutikisika. Masika yakiingia, maji hayaulizi cheo cha mtu: yakikuta mtaro umezibwa, hukatisha njia na kuingia sebuleni kwa jirani wa chini, ambaye hata baiskeli hana.

Mtetezi wa mwenye geti atauliza: je, akiuguliwa usiku? Je, zimamoto? Hoja ni ya haki, na hakuna anayetaka mgonjwa abebwe mgongoni hadi lami. Lakini haki hiyo inatimizwa na mfuniko wa zege juu ya mtaro, wenye nondo za kutosha, maji yakipita chini kwa raha zake. Kwa mtu aliyemudu geti lenye simba wawili wa dhahabu, zege si gharama. Tatizo ni kwamba kifusi ni cha bure. Isitoshe, gari lenyewe linalala nje, maana uani pameshajengwa fremu za kupangisha. Zimamoto wakija, kitakachowazuia kupita ni hilo hilo gari.