Wiki ya Kulala Chali

Nilikuwa na siku saba na nilikusudia kuzilala zote. Mitihani ya semista ya kwanza ilikwisha mwezi wa Februari, tukapewa wiki moja ya kupumua kabla ya semista ya pili. Kwenda kwetu Mombasa na kurudi kusingewezekana: treni hadi Dar es Salaam, basi hadi Tanga, mpaka wa Horohoro, kisha Likoni na foleni ya feri. Ningefika nyumbani, nimbusu mamangu mkono, nigeuke. Nikaamua kubaki bwenini, nilale chali, nihesabu mijusi ya darini.

Nilipopata nafasi ya kusoma Dodoma, watu wa mtaani kwetu walisema nakwenda ng'ambo. Ng'ambo gani, nikawajibu, kwa watu wasemao Kiswahili? Anayekwenda kusoma Uchina au Uturuki hukalishwa kwanza afundishwe lugha. Mimi nilitoka Majengo, Mombasa, ulimi ukiwa tayari kinywani. Kusema kweli nilijiona ninawapelekea nazi watu wasio na minazi.

Ningeikumbuka historia ningenyamaza. Mwaka 1928 wakubwa wa elimu wa makoloni ya Afrika Mashariki walikutana Mombasa kuchagua lahaja moja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, wakachagua Kiunguja. Kimvita kilishindwa nyumbani kwake, mlangoni pake, majirani wakitazama. Na mimi, karibu miaka 100 baadaye, nilikuja kukirudishia heshima katika bweni la wavulana.

Asubuhi ya kwanza ya mapumziko maji yalikatika. Mwenzangu wa chumba, Mgogo mpole wa upande wa Bahi, alikuwa koridoni. Nikamwita kama tuitanavyo kwetu: "Ndoo!"

Akaja na ndoo.

"Sitaki ndoo," nikamwambia, "nakutaka wewe." Akaitua, akasubiri. "Sasa ndoo uone kitu kwenye simu yangu." Akaiinamia ndoo. Humo hamkuwa na simu. Tulitazamana kwa muda, ndoo katikati yetu, kila mmoja akimwonea mwenziwe huruma.

Usiku ule ule taa zikazimika. "Stima imepotea," nikasema gizani. Upande wa pili wa chumba pakawa kimya, halafu sauti ya wasiwasi: "Ilikuwa inakwenda wapi?" Kwake yeye stima ni meli, na kutoka Dodoma hadi baharini kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400. Nikajitetea kwamba hata treni mpya iliyonileta, ile iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, yaenda kwa stima. Akaniuliza kama tulipita juu ya maji au chini yake.

Kesho yake nilikuwa bado nimelala chali aliponituma, kwa upole wote wa Kigogo, nikanunue nyanya gengeni. Nawaomba wasomaji wa Tanzania wanivumilie hapa. Kwetu tunda jekundu la mchuzi ni tungule. Nyanya ni mama aliyemzaa mama. Na genge, Kenya nzima, ni kundi la vijana wenye mapanga. Najua, shuleni nilifundishwa nyanya ya mchuzi na nikaiandika vizuri kwenye mtihani, lakini sikio la asubuhi halijapita shule. Kwa hiyo nilichosikia ni kwamba bibi kizee fulani yuko mikononi mwa wahuni, nami nikatoe pesa. Nikauliza wanataka kiasi gani. "Fungu moja elfu," akanijibu, "lakini ukiongea nao wanapunguza."

Jumanne nikaona heri nitoke, kwani kitanda nacho kilikuwa kimeanza kunichosha. Nikaenda sokoni kununua zabibu. Nyumbani zabibu nilizozizoea ni zile kavu zilizokunjamana za kwenye pilau. Hapa zinauzwa mbichi, nyeusi, zimenona, na mashamba yake hayako mbali na mji. Nimesimama na kilo mkononi, mamangu akapiga. Uko wapi, mwanangu? Niko Majengo, mama, sokoni. Simu ikakatika kwa ajili ya chaji, nami nikaendelea kula zabibu zangu.

Soko lile ndilo liitwalo Majengo. Mtaa wetu Mombasa nao ni Majengo. Nilipoiwasha simu jioni nilikuta kakangu mdogo ameshazunguka mtaa mzima akiniulizia, shangazi wawili wamefika, na biriani iko motoni. Hakuna aliyenisamehe. Biriani wakaila.

Ndipo Alhamisi mwenzangu akaniambia, "Mkenya, utaozea hapo. Twende kijijini nikamsalimie bibi yangu."

Nilikaa kitako. Miezi mitatu tumelala chumba kimoja, na kijana huyu wa miaka 22 hajanidokeza hata siku moja kuwa ameoa! Maana Mombasa bibi ni mke. Nikampa pole kwa kuishi mbali naye, akashukuru, akasema kweli anamkumbuka sana, hasa mapishi yake. Nikafungua sanduku. Mamangu alinifungia pea mbili za leso za Mtaa wa Biashara: moja ya mtu mzima, nyingine ya bi harusi, kwa kuwa mtoto wa kiume haaminiki akiwa mbali. Nikaichukua ya bi harusi. Jina lake: TAA IKIZIMIKA MIMI NIPO.

Lami ilipotuacha, mwenzangu akasema tupande mshikaki. Nikatafuta moshi. Kumbe mshikaki ni sisi: dereva wa bodaboda mbele, mimi katikati, yeye nyuma, tumechomekwa kwenye kiti kimoja kama vipande vya nyama. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Wenyewe husimulia kwamba hapo zamani tembo alikwama kwenye tope akazama, watu wakasema idodomya, amedidimia, na mji ukapata jina. Wengine husema hapakuwa na tembo: palikuwa na ng'ombe wa wizi walioliwa, mikia yao ikachomekwa kwenye tope ili wenye mali waambiwe wamezama. Mimi sasa naziamini hadithi zote mbili. Pikipiki ilizama mpaka kikabaki kioo cha pembeni, kimesimama kama mkia wa ng'ombe wa wizi. Tukaisukuma saa nzima. Mwenzangu akanifariji: Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, ikaja kuhamia kwa dhati mwaka 2016. Miaka 43 njiani, na hao walikuwa na magari.

Tulifika na tope hadi nyusi. Akatoka mama mzee, mwembamba, fimbo mkononi. "Mbukwa," nikasema, neno pekee la Kigogo nililokuwa nalo, kisha nikaongeza heshima ya kwetu: "Shikamoo, nyanya."

"Marahaba," akajibu. "Nyanya mwaka huu hazikustawi."

Nikamkabidhi leso amshikie mwenyewe, nikatazama mlangoni nimwone bi harusi anatoka. Wakatoka watoto sita wakimkimbilia yule mama, kila mmoja akipiga kelele: "Bibi! Bibi!" Sijawahi kusikia mwanamke mwenye waume sita, mdogo wao hana meno ya mbele.

Nilinyoosha mkono niirudishe leso. Nilichelewa. Alikuwa ameshaikunjua, na kwa kuwa macho yake hayaoni herufi, akampa mjukuu wa darasa la nne asome. Mtoto akasoma kwa sauti ya mbele ya darasa, neno kwa neno, kidole kikifuata. Akarudia, akidhani hatukusikia. Bibi alikaa kimya kidogo, halafu akacheka mpaka akaegemea fimbo. Akajifunga leso pale pale. "Babu yenu," akawaambia, "aliwahi kufa."

Tulikaa siku tatu. Nilikula ugali wa uwele na mlenda, na kuhusu mlenda nitasema hivi tu: unaanza kwenye sahani, unafika kidevuni, na katikati haukatiki. Watoto walikuwa wakiukata kwa kuzungusha kidole, kitendo kidogo kama cha fundi cherehani. Mimi niliufuata kwa kichwa. Bibi alinitazama akasema huyu mgeni anakula kama anayevua samaki.

Jumapili usiku nilikuwa nimerudi bwenini, mgongo unauma, mijusi ya darini haijahesabiwa, vipindi kesho saa moja asubuhi. Mamangu akapiga. Nimepumzika? Nimepumzika, mama. Nikamweleza kwamba nilikwenda kijijini kumsalimia bibi yake mwenzangu, na nikampa ile leso ya bi harusi.

"Umefanya vyema. Imempendeza?"

"Sana. Ameivaa siku zote tatu. Ila magoti yanamsumbua, na macho hayaoni vizuri. Miaka themanini si mchezo, mama."

Kimya kirefu. Nikadhani chaji imekwisha tena.

"Mwanangu," akasema taratibu, "huyo mwenzako hana wazazi wa kumshauri?"