Kisu cha Bibi na Fundi wa Jumamosi

Mke wangu alirithi kisu cha bibi yake. Ni cha chuma cha kale, kile kinachoshika kutu hata ukikitazama vibaya. Mpini ulishapasuka zamani, ukafungwa kwa tyubu ya baiskeli. Jumamosi moja nikaapa kukivisha suti.

Nikaenda Mwenge kwa wachonga vinyago kutafuta kipande cha mpingo. "Kaka, una vifaa vya kuuweza?" mchongaji akaniuliza. Nikamwambia ninayo keekee. Akanitazama kama mzee anavyomtazama mtoto anayelilia wembe, akanipa.

Mpingo ni mti mzito hata ukiutupa majini unazama. Ulaya wanautengenezea klarineti. Kwangu ulianza kwa kuvunja biti mbili za keekee, kisha vumbi lake likanipigisha chafya mpaka jirani akachoka kuniambia pole.

Ikaja zamu ya gundi, ile ya mirija miwili inayoshika kwa dakika 5. Dakika 4 zilikwisha nikitafuta miwani ya kusomea maelekezo. Ya 5 ilinikuta nimeushika mpini, nao mpini umenishika. Wazee walisema aliyeshika makali hashindani na aliyeshika mpini. Aliyeshikwa na mpini hawakumtaja.

Likabaki bapa. Chuma cha namna hii ukikiloweka kwenye siki, asidi hukila kidogo juu juu, kikabaki na utando mweusi unaopunguza kasi ya ile kutu nyekundu. Sharti ni moja: lisibaki hata tone la mafuta. Nikaliosha bapa kwa sabuni, nikalisuuza, nikalifuta, kisha nikalishika kwa dole gumba lililotoka kula chapati.

Jioni nikalitoa kwenye siki. Lilikuwa jeusi la kupendeza, isipokuwa katikati, ambapo dole gumba langu lilionekana mistari yote, kana kwamba nimesajili laini ya simu. Nikajifariji kwamba hiyo ni sahihi ya fundi. Nikakiacha kisu mezani, nikaenda kuoga huku nikitunga hotuba ya makabidhiano.

Niliporudi, kisu kilikuwa kinang'aa kama sarafu mpya. Mke wangu alisimama kando yake, stili waya mkononi.

"Mume wangu, nimekikuta kimeliwa na kutu, nimekisugua. Na siki yangu ya achari iko wapi?"

Hotuba ikaishia bafuni.

Miezi imepita. Msimu wa embe umekuja, naye kila siku anakata embe mbichi na ndimu kwa kisu kile kile. Pole pole bapa limeingia kijivu, kisha bluu, kisha weusi mtulivu usio na dole la mtu. Juzi mgeni akakisifu, akauliza ni fundi gani aliyekitia rangi nzuri vile. Nikakohoa kidogo, nikanyoosha kola.

"Achari," mke wangu akamjibu.

Mpini wa mpingo mgeni hakuuliza. Niliupiga msasa ukawa laini mno, unateleza kwenye mkono wenye maji. Mwenyewe ameufunga kwa tyubu ya baiskeli.