Mgunga wa Giligilani

Msitu wa maua mabichi una adui mmoja anayejulikana, naye ni mgeni rasmi. Ratiba inasema saa tatu asubuhi. Yeye anafika saa saba na bado ana haraka. Kufikia hapo modeli ya Serengeti iliyopangwa juu ya plaiwudi chini ya turubai imeshabadilika: vichaka vimelala chali, majani yamejikunja, na simba wa udongo amebaki peke yake akilinda uwanda mtupu. Ingekuwa kwingine watu wangepiga makofi yakaisha. Lakini watazamaji wa Nyasura si wa kudanganywa, maana hifadhi hiyo iliyotangazwa mwaka 1951 inapakana na wilaya yao ya Bunda, na lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya Mwanza–Musoma. Mtu aliyezoea kuona migunga kwenye dirisha la basi anajua mara moja kwamba hii ya mezani imezimia. Ua lililokwisha kukauka halina cha kupoteza. Litamsubiri mgeni rasmi hadi kesho.

Tena ua kavu lina jambo ambalo sponji iliyopakwa rangi haina, nalo ni kipimo. Mgunga wenye kichwa cha mita 8, ukiupunguza mara 200, unabaki na upana wa sentimita 4, na shada la giligilani iliyoachwa ikakomaa lina upana wa karibu hapohapo: bapa juu, vijiti vikitawanyika kutoka kwenye bua moja jembamba. Asili imeshakata, kazi yako ni kuchomeka na gundi. Kinachoharibu hesabu ni twiga. Kwa kipimo hicho anapaswa kuwa na sentimita mbili na nusu, lakini hufinyangwa kwa urefu wa chupa ya soda, halafu mti ndio unaolaumiwa kwamba ni mdogo.

Watasema ua kavu hupauka. Ni kweli, jua hula rangi, ndiyo maana hukaushwa kivulini likining'inia kichwa chini ili bua linyooke. Ila Serengeti ya Agosti nayo imepauka! Modeli iliyokaa rafuni miezi sita inazidi kukaribia ukweli. Aliyetaka kijani cha kudumu alikuwa na rambo, na mifuko hiyo ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Wengine watataja makumbusho ya New York, ambako Ukumbi wa Akeley uliofunguliwa mwaka 1936 una majani yaliyotengenezwa kwa mkono. Sawa, lakini wale wana kioo mbele na fundi wa kulipwa. Sisi tuna feni na kuku. Na kuku, kwa maoni yangu, ndiye pingamizi pekee zito, kwa kuwa mbele yake ulezi uliogeuzwa mti bado ni ulezi, na msitu mzima unaweza kuliwa wakati wa risala. Dawa yake ni kupukuta mbegu zote kabla ya kubandika. Za giligilani zirudi jikoni, na vijiti vinavyobaki ni mgunga wa kiangazi.

Basi, wenye bustani, giligilani ikishatoa maua msiing'oe kwa hasira. Iacheni ikomae, kateni, ning'inizeni kivulini, kisha mwambieni mfinyanzi ampunguze twiga.