Mama wa Deki Hana Siku Yake

Kalenda ya dunia imejaa. Tarehe 2 Mei ni siku ya samaki jodari, Umoja wa Mataifa umeshaipitisha. Tarehe 5 ni ya wakunga. Tarehe 12 ni ya wauguzi, maana ndiyo aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Tarehe 19 ni ya madaktari wa familia, imekuwapo tangu 2010. Ukivuka hadi tarehe 19 Novemba, unakuta siku ya choo. Narudia: choo kina siku yake. Mama anayekisugua hana.

Jambo hili limenikera wiki nzima, na sasa ni zamu yenu kukereka.

Sisi wa Kilangali huyo daktari wa familia hatumjui kwa jina hilo. Familia tunazo, tena kubwa. Daktari ni yeyote mwenye koti jeupe: awe tabibu, awe nesi, awe mtu wa maabara aliyepita kuazima chaja. Wote tunawaita daktari na wote wanaitika. Ila ukitaka kujua nani hasa anaiendesha zahanati, fika pale na homa asubuhi ya Jumatatu.

Mimi nilifika na homa asubuhi ya Jumatatu. Zahanati yenyewe siitaji, bado naihitaji. Nilikuwa nimetoka kuamia ndege kwenye mpunga siku nne mfululizo, na kwelea kwelea hawana huruma na mtu anayetetemeka. Saa kumi na mbili na nusu nikawa getini, nimejifunga shuka kama bibi harusi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia mlinzi.

"Marahaba. Daftari unalo?"

Sikuwa nalo. Nilikuwa na kitambulisho cha taifa, kadi ya bima ya kaya, na simu yenye tochi. Mzee akaviangalia vyote vitatu kama mtu aliyeletewa mahindi mabichi mashineni. Akanionyesha duka ng'ambo ya barabara. Nikanunua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nikarudi. Akaniuliza naumwaje, akaniangalia macho, akasema: "Hiyo ni malaria. Lakini kapime." Baadaye maabara nao wakasema ni malaria, isipokuwa wao walinitoboa kidole.

Utaratibu ni kwamba daftari lako unaliweka mezani, anayekuja baada yako analiweka la kwake juu ya lako, na kuendelea. Mimi nilikuwa wa tatu. Saa mbili rundo lilikuwa limefika kimo cha sufuria ya pilau ya msibani. Binti wa mapokezi akalikumbatia lote, akalipeleka kwa daktari, akaliweka kama lilivyo. Daktari naye, mtu mwenye haraka zake, akaanza kuchukua la juu.

Mnaelewa kilichotokea. Aliyekuja saa mbili kasoro dakika tano akaitwa wa kwanza. Kijana mmoja aliyekuja kuonyesha kipele akaingia akitabasamu. Mimi na bibi mmoja aliyetembea tangu alfajiri tukabaki chini kabisa, tumelaliwa na madaftari ya kata nzima. Nikanung'unika. Bibi akanung'unika. Tulinung'unika kwa ustadi, lakini kwenye benchi, ambako manung'uniko hayajawahi kumponya mtu.

Hapo ndipo akaja mama wa deki. Ndoo mkono mmoja, fagio la deki mkono wa pili, kanga imefungwa kiunoni mpaka nikaona haya kwa jinsi shuka langu lilivyolegea. "Pandisheni miguu!" Tukapandisha, wenye homa na wenye presha, na kijana wa kipele aliyekuwa sasa anasubiri dawa. Akadeki mpaka mlangoni kwa daktari, akaingia bila kubisha, akaliona rundo. Akafuta mikono kwenye kanga, akalishika rundo lote, akaligeuza chini juu. Akatoka na ndoo yake. Hakusema neno, na daktari hakunyanyua hata kichwa.

"Bibi wa Tindiga!" ikaitwa. Wa pili akaitwa baba mmoja wa kikohozi. Wa tatu mimi.

Sasa niambieni huyo mama yuko kwenye orodha gani. Mei Mosi anapopatikana mfanyakazi bora, yeye ni wa mkataba wa muda, hahesabiwi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, na ni jambo jema, angalau wao wana idadi. Mama wa deki hata idadi hana. Wamarekani makatibu muhtasi wao wamewatengea wiki nzima tangu 1952, wanapelekewa maua. Sisi maua hatuna mazoea nayo, tunayaona makaburini. Debe la mpunga lingetosha, na doti ya kanga, na mzee wa getini apate tochi yenye betri zinazowaka, maana ya sasa anaipiga kofi ndipo inakubali.

Naomba Wizara ya Afya iwatafutie tarehe. Nashauri iwe Jumatatu, na siku hiyo hotuba isizidi muda wa kupima malaria, dakika kumi na tano. Binti wa mapokezi naye awemo; kosa la rundo nimemsamehe, kwa kuwa saa nane mchana alikuwa bado hajanywa chai.

Hadi tarehe ipatikane, ukifika zahanati mwamkie mlinzi kwanza, ndipo umuulizie daktari. Nenda na daftari. Na ukiambiwa pandisha miguu, pandisha.