Usiku tangi lilipoanguka Gahanga

Mama mkwe ndiye aliyesikia kwanza. Aliniita mara mbili kutoka chumbani kwake, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuwaamsha watoto: "Mwanangu, mbona mvua inanyesha upande mmoja tu wa nyumba?" Nikatega sikio. Upande wa mbele mabati yalikuwa kimya. Nyuma, kule jikoni, maji yalikuwa yakimwagika kama kijito. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Machi, yapata saa tano usiku, na mume wangu alikuwa safarini na lori, kati ya Rusumo na Dar es Salaam.

Nikajua ni tangi.

Tulihamia Gahanga, kusini mwa Kicukiro hapa Kigali, wakati barabara ya mbele ya nyumba yetu bado ilikuwa njia ya ng'ombe. Mimi ni mzaliwa wa Ngara, upande wa Tanzania, na Kihangaza changu kilinisaidia kuingia katika Kinyarwanda bila shida kubwa. Kilichonishinda ni kasi ya mahali penyewe. Ukienda likizo ya wiki mbili, unarudi na kukuta msingi umechimbwa palipokuwa na shamba la maharage. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta wilaya ya Kicukiro na watu 318,564. Ile ya 2022 ikahesabu 491,731. Sisi watano tumo ndani ya ongezeko hilo, na kila jirani niliyekutana naye usiku ule yumo pia, isipokuwa mmoja, ambaye nitamfikia.

Maji huku kwetu huja kwa zamu, mara nyingi usiku. Si kwamba hakuna maji. Kule Kanzenze, ukishavuka mto Nyabarongo kuelekea Nyamata, kuna mtambo uliozinduliwa mwaka 2021 wenye uwezo wa mita za ujazo 40,000 kwa siku, yaani lita milioni 40, na sehemu kubwa huletwa Kigali. Lakini Kigali ni vilima. Maji yanapaswa kusukumwa yapande, kilima baada ya kilima, na nyumba zinaota haraka kuliko bomba linavyotambaa. Kwa hiyo kila mwenye nyumba hupanga madumu ya njano ukutani, na mwenye uwezo hununua tangi.

Tulidunduliza miezi minne tukanunua la lita 5,000. Fundi aliyekuja kulifunga alitujengea jukwaa la rukarakara, matofali ya udongo mbichi yaliyokaushwa juani, kisha akalipaka saruji nyembamba juu likapendeza. Mama mkwe alilizunguka jukwaa lile mara mbili, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Yeye alilelewa kwenye kilima, akibeba maji kichwani kutoka bondeni. Akasema, "Rukarakara ni tofali jema sana, lakini la kubeba paa. Halipendi kulowana." Fundi akamjibu kwa adabu kwamba saruji ingelikinga. Mimi nikamwamini fundi, kwa sababu tangi lilikuwa limeshafika na nilikuwa nimechoka kununua maji dumu kwa dumu kutoka kwa vijana wa baiskeli. Hilo ni kosa langu, na nimeliungama mbele ya majirani wote.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi letu likijaa lilikuwa tani tano, zimekaa juu ya udongo, ukingoni mwa mteremko. Boya la kufunga maji lilikuwa limenasa kwa siku kadhaa, hivyo kila zamu ya usiku maji yalifurika kidogo, yakapenya kwenye ufa wa saruji na kuyalowesha matofali kutoka ndani. Nje jukwaa lilionekana zima.

Nilitoka na tochi, nikakimbilia mita iliyoko getini ili nifunge koki. Sikufika. Jukwaa lilishuka bila kelele, kama mtu anayepiga magoti. Kelele ilikuja baadaye, tangi lilipobingirika, likavunja ukuta wetu wa nyuma na kwenda chini na maji yake yote.

Chini yetu anakaa bibi mmoja mjane, ndiye yule niliyesema nitamfikia. Alikuwepo kilimani hapa kabla ya viwanja kupimwa, na jiko lake liko nje ya nyumba, kuta za udongo, mlango wa bati. Maji yaliingia jikoni kwake kwa ukuta wa juu yakatoka kwa ukuta wa chini. Mjukuu wake hulala humo siku za baridi, kwa ajili ya joto la imbabura, jiko la mkaa. Usiku ule alikuwa kwa shangazi yake Masaka. Nimeandika sentensi hiyo moja kwa moja kwa sababu hata leo siwezi kuizungushia maneno.

Sasa, vyeti vya kuzaliwa vya wanangu niliviomba kwa simu kupitia Irembo, tovuti ya huduma za serikali, umeme naununua kwa simu, bima ya afya tunailipia kwa simu. Ni huduma nzuri, nazo zimeniokolea siku nyingi za kusimama kwenye foleni. Ila usiku ule, nikiwa nimesimama kwenye matope na tochi, namba niliyoipiga ilikuwa ya mkuu wa isibo. Kwa msomaji asiyeijua Rwanda: chini ya wilaya kuna murenge, chini yake kagari, kisha mudugudu, na chini ya mudugudu kuna isibo, yaani nyumba chache zinazofahamiana kwa majina. Yetu ina nyumba 18. Mkuu wake ni mama mshonaji, hana ofisi wala mshahara wa kazi hiyo. Alifika akiwa amejifunga kitenge juu ya nguo ya kulalia, na vijana watatu nyuma yake.

Kwanza aliuliza kama kuna aliyeumia. Pili akawatuma vijana kuondoa maharage ya bibi yaliyobaki makavu. Tatu akafungua daftari la shule, akaandika kwa mwanga wa tochi yangu: kilo 25 za maharage, magunia mawili ya mkaa, unga, masufuria, kuta mbili. Mimi nilianza kusema habari za fundi. Akanizuia kwa upole, "Dada, fundi utamtafuta kesho. Bibi anakujua wewe."

Nikashuka kwa bibi, nikapiga goti kama tunavyofanya kwetu Ngara. Hakunipokea. Alisema mbele ya watu wote kwamba tangu nyumba zetu zipande juu yake, kila masika yeye ndiye anayepokea maji ya mabati yetu. Tangi, alisema, limekuja kwa kishindo, ndiyo maana sasa tumemsikia. Maji mengine yamekuja kimya kwa miaka. Angeweza kulipeleka shauri kwa abunzi, wazee wa upatanishi walio katika kila kagari tangu 2004, na angekuwa na haki kabisa. Alichodai kilikuwa vitu viwili: jiko lijengwe, na mtaro uchimbwe, si wa tangi langu tu bali wa paa zote za juu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka hufungwa, magari husimama, na kila mtu mzima mwenye nguvu hutoka na jembe. Mudugudu ulikuwa umepanga kufyeka kando ya njia. Mkuu wa isibo alikwenda kwa kiongozi wa mudugudu alfajiri na daftari lake, na saa mbili watu zaidi ya thelathini walikuwa nyuma ya nyumba yetu. Mama mkwe aliwekewa kiti. Alitazama mteremko kwa muda mrefu, kisha akaonyesha kwa fimbo mahali pa kupinda, ili maji yasiende mbio yakakata udongo, na mahali pa kuungana na ruhurura, mtaro mkubwa wa mawe ulio kando ya barabara. Walichimba kama alivyoelekeza. Mhandisi mmoja anayeishi nyumba ya sita alipima kwa kamba na maji kwenye mpira, akasema hana la kurekebisha.

Saa nne hivi bibi alitoka na sufuria ya uji wa mtama, aliyoipika kwa jirani. Akaanza kwa mama mkwe. Kikombe cha tano akanipa mimi, bila neno, na nikakinywa chote.

Mume wangu alirudi siku ya tano, akaenda kumsalimu bibi kabla ya kuingia nyumbani kwetu. Fundi alirudisha nusu ya fedha. Jiko lilijengwa kwa rukarakara ileile, safari hii juu ya msingi wa mawe na paa lenye ukingo mpana, na deni la mwisho la mkaa nililimaliza mwezi wa Juni. Mkuu wa isibo alifuta mstari ule kwenye daftari mbele yangu na bibi. Tangi jipya ni la lita 2,000, limekaa chini, juu ya mawe.

Wiki iliyopita mwenye kiwanja kilicho juu yetu alimwaga lori la kwanza la mawe ya msingi. Ni kijana, ana mke na mtoto mchanga. Nilimpelekea namba ya mkuu wa isibo, nikamwonyesha mtaro unapopita, nikamwomba aunganishe wake kabla hajapandisha kuta.